Mama Anayesinzia Baada ya Chakula si Mvivu

Kumekuwako mazoea mabaya katika nchi yetu ya kumwita mvivu kila mwanamke anayeonekana akisinzia baada ya chakula cha mchana, iwe ofisini, sokoni, darasani au juu ya mkeka wa barazani kwake. Neno hilo tumelisikia katika maofisi ya Serikali, tumelisikia mikutanoni, na tumelisikia hata kutoka vinywani mwa wanawake wenyewe wakisemana. Sisi tunasema kwamba neno hilo si la haki wala halina faida. Si la haki kwa sababu linamlaumu mtu kwa jambo ambalo mwili wa kila binadamu umeumbwa nalo. Halina faida kwa sababu hakuna aliyepata kuamshwa na tusi akabaki macho hadi jioni.

Jambo hili lingekuwa dogo lau lingeishia kwenye mzaha. Lakini haliishii hapo. Nyuma ya lepe la usingizi la saa nane mchana aghalabu hujificha mambo mazito: usiku uliokatwa vipande, damu iliyopungua, sukari iliyozidi, na mwili uliokaa kitini tangu asubuhi. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, wapatao 9 walikuwa na kisukari. Uchunguzi wa hali ya watu na afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba 28 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, ilhali mwaka 2010 walikuwa 22. Kwa takwimu za namna hii, kiongozi anayemcheka mama anayesinzia anaucheka ugonjwa ambao kesho utamgharimu yeye mwenyewe, idara yake na hospitali ya mkoa wake.

Hebu kwanza tuelewe usingizi huo unatoka wapi. Wazee wetu walizoea kusema kwamba mtu akishiba damu yote huteremka tumboni, kichwa kikabaki kitupu. Elimu ya leo haikubaliani na hayo moja kwa moja, maana mwili huulinda ubongo wake na hauuachi ukose damu kwa sababu ya sahani ya wali. Kinachotokea ni mambo kadhaa yanayokutana saa moja. La kwanza ni saa ya mwili wenyewe, ambayo kila siku, baina ya saa saba na saa tisa mchana, huulegeza mwili kidogo, hata kwa mtu ambaye hajala kitu. La pili ni chakula kingi cha wanga. Sukari inapopanda katika damu, seli fulani za ubongo zinazotoa kemikali iitwayo oreksini, ambayo kazi yake ni kumweka mtu macho, hupunguza kazi yake. La tatu ni homoni zinazotolewa na utumbo wakati wa kusaga chakula, ambazo huutuliza mwili. La nne ni deni la usingizi. Aliyelala saa tano usiku uliopita, mchana hudaiwa, na deni la usingizi hulipwa kwa nguvu.

Basi kwa nini tunamtaja mwanamke hasa, wakati mwanamume naye hula na husinzia? Tunamtaja kwa sababu mzigo wake ni mkubwa zaidi. Yeye huamka mapema kuliko wote na kulala nyuma ya wote. Yeye ndiye anayenyonyesha usiku. Damu yake hupungua kila mwezi na katika kila uzazi. Mwanzoni mwa mimba, na katika siku za kabla ya hedhi, homoni zake zenyewe humletea usingizi. Na anapofikia ukomo wa hedhi, joto la ghafla humkatiza usingizi wa usiku. Mwanamke huyo anapokula sahani ya ugali au wali saa saba, kisha akakaa kitini hadi saa tisa na nusu bila kuinuka, lingekuwa jambo la ajabu asiposinzia.

Tunaandika haya tukiwa na Tabora mbele ya macho yetu, na tunaomba ndugu zetu wa visiwani wasione kwamba tumekwenda mbali. Njia iliyoijenga Tabora ilianzia kwao. Vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba zilizotoka Unguja zilivuka bahari hadi Bagamoyo, zikabebwa mabegani na vichwani hadi Unyanyembe, na kutoka hapo hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Pembe za ndovu zilirudi kwa njia hiyo hiyo. Richard Burton alipoifuata njia hiyo mwaka 1857, aliingia Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba, baada ya zaidi ya miezi minne tangu aondoke pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba frasila mbili kila mmoja, yaani zaidi ya kilo 30, na wengi wao walifika hadi Unguja, wakapanga kambi zao humo, na baadhi yao wakalowea.

Hatuitaji njia hiyo ili kuisifu. Ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, wanawake na watoto wakiwamo, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873. Aliyetembea kwa kulazimishwa hakufanya mazoezi, alidhulumiwa. Tunaitaja njia hiyo kwa sababu ndani yake mlikuwamo pia wanawake huru, wake wa wapagazi, waliotembea pamoja na waume zao kutoka Unyamwezi hadi pwani na kurudi, wakibeba vyungu, unga na watoto. Historia ya misafara imekuwa ikiwasahau, na ni katika miaka ya karibuni tu ambapo watafiti, kama Stephen Rockel katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, wamewarudishia nafasi yao.

Mpango wa siku wa misafara hiyo una funzo kwetu. Msafara uliamka kabla ya jua, kirangozi akatangulia, na mwendo ukaenda hadi jua lilipokaribia utosini. Hapo mizigo ilituliwa, chakula kikapikwa, watu wakapumzika. Mwendo mrefu wa baada ya mchana ulifanywa kwa dharura tu, pale maji yalipokuwa mbali, nao ulikuwa na jina lake, terekeza, neno ambalo wasafiri wa karne ya 19 waliliandika katika vitabu vyao kwa machungu mengi. Kwa maneno mengine, watu wale ambao kutembea ndiko kulikokuwa kazi yao walijua kwamba mwili una saa zake, na kwamba baada ya chakula haulazimishwi. Lakini tutazame vizuri: wakati wapagazi walipotua mizigo yao, wanawake walikwenda kutafuta maji na kuni, na kuwasha moto. Siku yao haikuisha kambini. Leo njia imefutika, lakini desturi hiyo haijafutika. Mama wa Tabora na mama wa Unguja wanaporudi kutoka kazini, kazi ya pili inawangoja mlangoni.

Mengine yamebadilika, na mengi yamebadilika kwa heri. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mzigo wa mpagazi ukahamia kwenye behewa. Lami imeunganisha Tabora na Nzega. Maji ya Ziwa Viktoria yamefika Tabora mjini, na mwanamke aliyekuwa akitafuta ndoo moja tangu alfajiri sasa anafungua bomba. Bodaboda inamchukua mlangoni na kumshusha mlangoni. Visiwani nako gari la abiria linapita karibu na kila shehia. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka bomba lifungwe ili wanawake warudi kisimani kwa ajili ya afya zao! Maendeleo hayo tumeyapigania, na ni haki yao. Lakini neema hiyo imeondoa mwendo bila ya kuweka kitu mahali pake, ilhali sahani imebaki ile ile ya mtu aliyelima tangu asubuhi. Ugali, matobolwa na wali wa nazi si vyakula vibaya. Kilichokosekana ni kazi ya kuvitumia.

Dawa yake ni nini? Dawa yake ni kutembea kwa kiasi. Misuli ya miguu inapofanya kazi huichukua sukari kutoka katika damu na kuitumia, hata pale insulini ya mwili inapokuwa dhaifu. Ndiyo sababu robo saa ya kutembea baada ya chakula ina faida kubwa kuliko inavyoonekana. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwachunguza watu wachache wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, wakaona kwamba dakika 15 za kutembea baada ya kila mlo ziliidhibiti sukari yao kwa siku nzima, na baada ya mlo wa jioni zilifaa kuliko dakika 45 za mara moja.

Kuhusu usingizi wenyewe, Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, kilichapisha mwaka 2017 matokeo ya uchunguzi juu ya wanawake vijana waliokuwa hawapati usingizi wa kutosha. Walipopanda na kushuka ngazi kwa dakika 10, kwa mwendo wa kawaida, walijisikia wachangamfu kuliko walipomeza kiasi cha kafeini kinacholingana na soda moja hivi. Uchangamfu huo haukudumu sana, na hilo hatulifichi. Lakini dakika 10 hazigharimu hata senti moja. Chuo hicho hicho kilikuwa kimeonyesha mwaka 2008 kwamba vijana wasiozoea mazoezi, waliokuwa wakilalamika uchovu, walipofanya mazoezi kwa dakika 20, mara tatu kwa juma, kwa majuma sita, nguvu zao ziliongezeka kwa asilimia zipatazo 20. Na la kuzingatia ni hili: waliofanya mazoezi mepesi walipunguza uchovu zaidi kuliko waliofanya ya nguvu kidogo. Kwa hiyo hatusemi watu wakimbie hadi watapike. Mwendo unaofaa ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake lakini hawezi kuimba. Pole pole ndiyo mwendo, na wahenga hawakukosea.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka kila mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna hiyo kwa juma, na mama mjamzito asiye na tatizo la kiafya apate zisizopungua 150. Dakika 150 zikigawanywa kwa siku tano ni nusu saa kwa siku. Na nusu saa ni robo saa mbili, moja baada ya chakula cha mchana na moja baada ya cha jioni. Hesabu hiyo haimshindi mtu yeyote. Kwa aliyefunga Ramadhani, mwendo wa kwenda msikitini kwa tarawehe na kurudi baada ya futari tayari ni sehemu yake. Na kwa wale wanaosema kwamba mazoezi si ya mwanamke wa heshima, tunawakumbusha kwamba kutembea hakudai kuvua mtandio, hakudai uwanja, wala hakudai mwalimu. Mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Hapana budi pia tutahadharishe. Kutembea si tiba ya kila kitu. Mama ambaye analala usiku wa kutosha, anakula kwa kiasi, anatembea, na bado kila siku usingizi unamwangusha baada ya chakula, huyo aende kituo cha afya apimwe sukari na wingi wa damu. Anayekoroma sana usiku na kukatikiwa pumzi usingizini amweleze daktari. Anayetumia insulini asianze mwendo bila ya ushauri, na awe na kitu kitamu mkononi. Na usingizi mfupi wa mchana, ile kailula ambayo wengi wetu tulifundishwa chuoni tangu utoto, si adui. Dakika 20 za kujinyoosha humfaa mtu. Saa mbili humharibia usiku wake.

Sasa tunawageukia viongozi, maana mambo ya afya yakiachiwa mtu mmoja mmoja hubaki maneno. Nchi hii inajua namna ya kuwaelimisha watu wake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ilifuata ya Chakula ni Uhai. Mwezi Desemba 2016, Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Zanzibar nako, kila tarehe 1 Januari, wananchi na viongozi hukutana kwa mazoezi ya viungo katika shamrashamra za Mapinduzi. Tunayapongeza hayo yote. Lakini siku moja ya mwaka, au Jumamosi moja ya mwezi, ni ngoma. Afya ni desturi ya kila siku. Kiongozi aliyevaa fulana mpya Jumamosi na kukaa mkutanoni saa nne mfululizo Jumatatu hajafanya lolote.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji fungu jipya la fedha.

Kwanza, wakuu wa idara na maafisa utumishi watenge robo saa baada ya chakula cha mchana, ambamo mfanyakazi, mwanamke au mwanamume, ataruhusiwa kutembea nje bila ya kuulizwa anakwenda wapi. Mikutano mirefu isipangwe saa nane, na ikilazimika, watu wasimame katikati yake.

Pili, halmashauri za miji zitunze vivuli. Tabora ina bahati ya miembe yake, iliyowapa kivuli watembea kwa miguu kwa vizazi vingi. Mwembe unaokatwa kupisha fremu za maduka hauoti tena kwa mwaka mmoja. Ng'ambo na Mji Mkongwe, Chake Chake na Wete, njia za miguu zisigeuzwe maegesho ya pikipiki, na taa ziwake jioni, maana mwanamke hatatembea mahali anapoogopa.

Tatu, Umoja wa Wanawake, masheha na wenyeviti wa mitaa waanzishe vikundi vya kutembea jioni, na katika vikundi hivyo wahudumu wa afya wapime sukari, shinikizo na damu. Mama ntilie wa sokoni, ambaye huwapikia watu wote na kula mwisho, asisahauliwe.

Nne, na hili ni la nyumbani, wanaume wabebe sehemu yao. Robo saa ya mke kutembea baada ya chakula cha jioni haipatikani iwapo vyombo vinamngoja, mtoto analia na bwana amenyoosha miguu mbele ya televisheni. Mume aoshe vyombo, au ambebe mtoto watembee pamoja. Hakuna heshima ya mwanamume inayopotea katika karai la vyombo.

Tabora iliwahi kuifundisha nchi nzima maana ya kiasi. Mwezi Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU uliokutana mjini humo ulikuwa na watu waliotaka kususia uchaguzi wa kura tatu, na ulikuwa na sababu nyingi za kukasirika. Uamuzi uliopita, wa kushiriki, ukaitwa baadaye Uamuzi wa Busara, na uhuru ulifika kwa hatua baada ya hatua. Busara ya namna hiyo ndiyo tunayoihitaji katika afya za mama zetu. Hatumtaki mama akeshe uwanjani, wala hatumtaki abaki kitini kwa kuogopa jua. Tunamtakia robo saa, kivuli, njia salama na kauli njema. Na yule mkubwa wa kazi atakayemkuta kesho mama amesinzia mezani, asianze na karipio. Amwulize kwanza kama alilala usiku, kisha ainuke, naye mwenyewe, wakatembee.